Malipo ya Ziada kwa Majaji Wakongwe

Nyongeza ya utumishi wa muda mrefu ni fedha anayolipwa jaji juu ya mshahara wake wa msingi kwa sababu moja tu: ameketi kwenye kiti cha hukumu miaka mingi. Haitokani na wingi wa kesi alizoamua, wala uzito wa hukumu alizoandika, wala cheo. Kinachohesabiwa ni kalenda. Kipindi fulani kikitimia, mara nyingi miaka mitano, asilimia fulani ya mshahara huongezwa, na ikishaongezwa haiondoki mpaka jaji astaafu. Katika nchi kadhaa inamfuata hata kwenye pensheni.

Kwa mtumishi wa kawaida wa serikali jambo hili halina ugeni. Mwalimu, karani na mganga wa zahanati wote wanaijua nyongeza ya mwaka, na hakuna anayeshangaa kuona mkongwe akipata zaidi ya aliyeajiriwa jana. Ubishi unaanza pale mlipwaji anapokuwa jaji, kwa kuwa mshahara wa jaji umewekewa ulinzi ambao mishahara mingine haina.

Ulinzi huo una historia ndefu. Mwaka 1701 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya urithi wa kiti cha enzi, na ndani yake likaweka kwamba majaji watashika kazi maadamu wana mwenendo mwema, na kwamba mishahara yao itajulikana na kuthibitishwa. Kabla ya hapo mfalme aliweza kumfukuza jaji aliyemkera, au kumnyima riziki mpaka akalegea. Waliotunga Katiba ya Marekani mwaka 1787 walikwenda mbele hatua moja: waliandika kwamba malipo ya jaji wa shirikisho hayatapunguzwa muda wote akiwa kazini. Katiba nyingi zilizofuata ziliichukua kanuni hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayo katika ibara ya 160, inayokataza kubadilisha malipo na mafao ya jaji kwa namna ya kumdhuru.

Kanuni hii ni nzuri, lakini ina upande wake wa pili. Mshahara usioweza kupunguzwa hufanya kila kinachoongezwa kiwe cha kudumu. Serikali ikikosea kwa posho ya maofisa wake inaweza kuifuta mwaka unaofuata. Ikikosea kwa jaji, itakutana naye mahakamani, na atakayeamua shauri ni jaji mwenzake. Ndiyo maana suala la nani apate nyongeza, kiasi gani, na kwa miaka ipi, limeandikiwa hukumu nyingi kuliko linavyoonekana kustahili.

Zipo njia tatu kubwa ambazo nchi zimezifuata. Ya kwanza ni kukataa kabisa. Jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho nchini Marekani hulipwa sawasawa na mwenzake wa ngazi hiyo hiyo, awe ameapishwa wiki iliyopita au amekaa miaka thelathini. Miaka yake inalipwa kwa namna nyingine, mlangoni pa kutokea. Akifikisha umri wa miaka 65 na utumishi wa miaka 15, yaani jumla ya 80, anaweza kupunguza kazi au kuiacha akiendelea kupokea mshahara wake mpaka kufa. Kila mwaka wa umri unaoongezeka hupunguza mwaka mmoja wa utumishi unaotakiwa, hadi umri wa miaka 70, ambapo utumishi wa miaka 10 unatosha. Kwa mpango huo mkongwe hana haja ya nyongeza ya kila mwezi. Anajua kinachomsubiri.

Njia ya pili ni ya Italia, ambako kwa muda mrefu miaka ilileta cheo na cheo kikaleta mshahara. Sheria mbili, ya mwaka 1966 na ya mwaka 1973, ziliwapa majaji haki ya kupanda madaraja ya malipo kwa kutimiza miaka, hata kama nafasi ya kazi ya daraja hilo haikuwepo. Jaji aliweza kulipwa kama wa mahakama ya juu kabisa huku akiendelea kusikiliza kesi za mji mdogo. Lengo lilikuwa zuri, kuondoa mashindano ya vyeo yaliyowafanya majaji vijana wawaogope wakubwa wao. Mageuzi ya mwaka 2006 na 2007 yaliweka tathmini kila baada ya miaka minne, mara saba katika maisha ya kazi. Tatizo ni kwamba karibu wote hufaulu, na tathmini ambayo haimwangushi mtu inabaki kuwa kalenda iliyovaa joho.

Njia ya tatu ndiyo nyongeza yenyewe, asilimia kwa miaka, na mifano yake miwili iliyo wazi zaidi inatoka Ufilipino na Brazili.

Sheria ya Ufilipino inayoitwa Batas Pambansa namba 129 ilipitishwa Agosti 1981, wakati wa utawala wa Ferdinand Marcos. Kifungu chake cha 42 kinasema kwamba majaji wa mahakama zilizoundwa na sheria hiyo watalipwa kila mwezi nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila miaka mitano ya utumishi mfululizo, wenye ufanisi na unaostahili sifa, katika mhimili wa mahakama. Kuna sharti moja: jumla ya malipo baada ya nyongeza isizidi mshahara wa jaji wa cheo kinachofuata juu yake. Kwa maneno mengine, mkongwe wa chini anaweza kumkaribia bosi wake, lakini hawezi kumpita.

Kuna kinaya hapa ambacho hakipaswi kupita kimyakimya. Sheria hiyo hiyo inayomtunza jaji kwa kukaa muda mrefu ndiyo iliyozivunja karibu mahakama zote za chini za nchi na kuziunda upya, kiasi kwamba majaji waliokuwepo walipoteza viti vyao isipokuwa wale walioteuliwa tena na rais. Baadhi yao walikwenda Mahakama ya Juu kupinga, na Machi 1982 wakashindwa. Zawadi ya kudumu kazini ilizaliwa siku moja na amri ya kuwaondoa watu kazini.

Maneno ya kifungu cha 42 yanaonekana kuwa mepesi, lakini mawili kati yake yamezua shida. Moja ni ufanisi. Sheria inataka utumishi uwe wenye ufanisi na sifa, ila haikuweka kipimo cha kila mwezi. Lingine, lililoleta mashauri mengi zaidi, ni utumishi katika mhimili wa mahakama. Ufilipino ina desturi ya kuwapa maofisa wasio majaji hadhi, mshahara na mafao ya majaji. Makamishna wa tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi walipewa hadhi hiyo kwa sheria, na waendesha mashtaka vilevile. Ofisa wa namna hiyo akiteuliwa baadaye kuwa jaji wa rufani huuliza swali la haki: ikiwa nililipwa kama jaji miaka kumi, kwa nini miaka hiyo isihesabiwe katika nyongeza yangu?

Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani waliuliza hivyo. Wawili walikuwa wametumikia tume ya migogoro ya kazi. Wa tatu alikuwa amewahi kuwa hakimu wa mahakama ya mji, kisha kamishna wa tume ya uchaguzi. Tarehe 16 Juni 2015 Mahakama ya Juu ilitoa jibu. Miaka ya uhakimu ilikubaliwa. Miaka ya tume ya uchaguzi ilikataliwa, na ile ya tume ya migogoro ya kazi pia. Waliokuwa wengi walisema kwamba kulipwa kama jaji si sawa na kuwa jaji: sheria inatunza uaminifu kwa mhimili wa mahakama, na aliyekuwa upande wa serikali hakuwa ndani ya mhimili huo. Baadhi ya majaji hawakukubaliana nao, wakisema Bunge lilipotoa mafao yale yale lilimaanisha mafao yote.

Uamuzi wa waliokuwa wengi ndio ulioshikamana zaidi na maneno ya sheria. Ukifungua mlango kwa kamishna mmoja, kila ofisi yenye hadhi ya jaji kwenye karatasi itadai yake, na fungu lililotengwa kwa ajili ya watu wanaosikiliza kesi litawalipa watu wasiowahi kusikiliza hata moja.

Hata hivyo, shida za Ufilipino zina mpaka kwa sababu sheria yenyewe ina kikomo. Brazili ndiyo nchi inayoonyesha kinachotokea kikomo kinapokuwa mahali pengine kabisa, ndani ya katiba, na nyongeza inapogombana nacho.

Majaji wa Brazili walipata ulinzi wa maisha kazini na mshahara usiopunguzwa tangu katiba ya kwanza ya jamhuri, ya mwaka 1891. Ulinzi wa karatasi haukutosha. Desemba 1968 utawala wa kijeshi ulitoa sheria ya kitaasisi namba 5 na kusimamisha dhamana hizo, na Januari 1969 majaji watatu wa mahakama ya juu kabisa ya shirikisho walistaafishwa kwa nguvu: Victor Nunes Leal, Hermes Lima na Evandro Lins e Silva. Aprili 1977 Jenerali Ernesto Geisel alilifunga bunge lililokataa mageuzi yake ya mahakama, akayapitisha mwenyewe. Kutokana na mageuzi hayo ilitoka sheria ya maadili na maslahi ya majaji, Sheria Nyongeza namba 35 ya tarehe 14 Machi 1979, iliyotiwa saini siku moja kabla Geisel hajaondoka madarakani. Inatumika mpaka leo. Ibara yake ya 65 iliruhusu nyongeza ya asilimia 5 kwa kila miaka mitano ya utumishi, mwisho mara saba. Aliyetimiza miaka 35 alifikia asilimia 35.

Kwa miaka mingi nyongeza hiyo ilikuwa sehemu ya lundo. Mshahara wa msingi wa jaji ulikuwa mdogo, na juu yake kulikuwa na posho ya uwakilishi, nyongeza ya miaka, na vipande vingine vilivyotofautiana jimbo kwa jimbo. Majaji wawili wa kazi moja katika majimbo mawili waliweza kupishana sana mapato, na mwananchi hakuwa na njia ya kujua nani analipwa nini.

Serikali ya Fernando Henrique Cardoso iliamua kulisafisha lundo hilo. Badiliko la katiba namba 19 la Juni 1998 liliweka kwamba majaji na viongozi wengine watalipwa kwa fungu moja tu, bila takrima, nyongeza, bahashishi, zawadi wala posho ya uwakilishi. Pia katiba iliweka dari: hakuna mtumishi wa umma atakayelipwa zaidi ya jaji wa mahakama ya juu kabisa ya shirikisho. Watumishi wa kawaida wa serikali kuu, ambao nao walikuwa na nyongeza ya asilimia 1 kwa kila mwaka, waliipoteza mwaka uliofuata. Kwa majaji mambo yalikwenda polepole, kwa kuwa fungu hilo moja lilihitaji sheria ya kutaja kiasi, na sheria ilichelewa miaka saba. Ilipotoka, Julai 2005, iliweka reais (fedha ya Brazili) 21,500 kwa mwezi kwa jaji wa mahakama ya juu kabisa kuanzia Januari mwaka huo, na reais 24,500 kuanzia Januari 2006.

Hapo ndipo hesabu ilipogongana. Asilimia 35 ya reais 21,500 ni reais 7,525, jumla reais 29,025. Mkongwe wa mahakama ya juu kabisa angelipwa kuliko dari ambayo yeye mwenyewe ndiye kipimo chake. Machi 2006 Baraza la Taifa la Mahakama, chombo kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka, lilitoa azimio namba 13 na kutamka kwamba nyongeza ya miaka imemezwa na fungu moja. Mei mwaka huo huo majaji wastaafu wa mahakama ya juu kabisa walioipinga dari walijibiwa na waliorithi viti vyao. Jibu lilikuwa kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kudumu juu ya mfumo wa malipo. Mfumo unaweza kubadilishwa, ilimradi jumla anayopokea jaji isipungue. Nyongeza ya miaka haikulindwa juu ya dari. Kipande kingine cha asilimia 20, walichokipata walipostaafu chini ya sheria ya zamani, kililindwa mpaka kimezwe na ongezeko la dari.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki na wenye ujasiri, kwa sababu waliouamua walikuwa wakijikatia wenyewe. Lakini uliacha tatizo ambalo wanaoipinga nyongeza hawapendi kulitaja. Katiba ya Brazili, ibara ya 93, inataka tofauti kati ya ngazi moja ya majaji na inayofuata isipungue asilimia 5 wala isizidi 10, na kwamba majaji wa mahakama za juu wapate asilimia 95 ya wale wa mahakama ya juu kabisa. Katika mahakama za shirikisho hatua zilizotumika ni za asilimia 5. Jaji wa rufani wa shirikisho anapata asilimia 90.25, jaji wa ngazi ya kwanza asilimia 85.74, na jaji msaidizi, kijana aliyefaulu mtihani mwaka huu, asilimia 81.45. Yaani anayeanza analipwa zaidi ya theluthi mbili, zaidi hata ya robo tatu, ya anachopata aliye kileleni mwa mahakama zote za nchi.

Maana yake ni kwamba maisha mazima ya kazi hayana mahali pa kupanda. Jaji anaingia karibu na dari. Akibaki ngazi ya kwanza, na wengi hubaki kwa kuwa viti vya rufani ni vichache, atapokea baada ya miaka 25 sawasawa na jirani yake mwenye miaka 3 ya kazi. Upandishaji wenyewe unafuata zamu, mara moja kwa miaka ya kazi na mara nyingine kwa sifa, na nafasi hazifunguki haraka. Zimezidi kuchelewa tangu mwaka 2015, umri wa kustaafu kwa lazima uliposogezwa kutoka miaka 70 hadi 75, badiliko ambalo Wabrazili walilipa jina la utani la mkongojo. Wakati huohuo jaji haruhusiwi kazi nyingine isipokuwa kufundisha, haruhusiwi siasa za vyama, na akiacha kazi haruhusiwi uwakili mbele ya mahakama aliyotoka mpaka miaka mitatu ipite.

Malalamiko ya wakongwe, basi, si ya uongo. Ni ya kupungukiwa tofauti, si ya kupungukiwa fedha. Mwaka 2025 dari ilikuwa reais 46,366.19 kwa mwezi, wakati mshahara wa kima cha chini nchini humo ulikuwa reais 1,518. Jaji msaidizi wa shirikisho kwa hesabu hiyo anaanza na takriban reais 37,765, karibu mara 25 ya kima cha chini. Mwenye mshahara wa namna hiyo hana njaa. Lakini binadamu hupima mshahara wake kwa kumtazama aliyekaa dawati la pili, na hilo ni kweli kwa jaji kama lilivyo kwa mpiga chapa.

Nyongeza ilipozibwa, fedha zilitafuta njia nyingine. Badiliko la katiba la mwaka 2005 lilikuwa limesema kwamba malipo ya fidia yaliyowekwa na sheria hayahesabiwi ndani ya dari. Nia ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyesafiri kikazi arudishiwe nauli bila kuambiwa amevuka dari. Baada ya muda neno fidia lilianza kubeba mizigo isiyo yake. Septemba 2014 jaji Luiz Fux wa mahakama ya juu kabisa alitoa amri ya muda iliyowapa majaji wa shirikisho posho ya nyumba, na haraka ikaenea kwa majaji wa nchi nzima. Kiasi chake kilikuwa reais 4,377.73 kwa mwezi, na kililipwa hata kwa jaji aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe katika mji anaofanyia kazi. Amri ya muda ilidumu zaidi ya miaka minne. Ilifutwa Novemba 2018, na kufutwa kwenyewe kulikuja siku ile ile Rais Michel Temer alipotia saini ongezeko la asilimia 16.38 lililopandisha dari hadi reais 39,293.32. Hakuna aliyeficha kwamba kimoja kilibadilishwa kwa kingine.

Baadaye zilikuja siku za mapumziko za fidia kwa jaji anayebeba kazi za kiti zaidi ya kimoja, siku moja kwa kila tatu. Ziliweza kugeuzwa fedha, na fedha hizo hazikugusa dari. Juu ya hayo majaji wana likizo ya siku 60 kwa mwaka kwa sheria ya 1979, na sehemu isiyotumika imekuwa ikiuzwa. Mfumo uliokusudiwa kuwa fungu moja ukarudi kuwa lundo, tofauti ikiwa kwamba safari hii vipande vingi havikupitishwa na bunge. Vilitoka kwenye maazimio ya mabaraza ya majaji wenyewe.

Katika hali hiyo nyongeza ya miaka ilirudi kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kiutawala. Novemba 2022 Baraza la Mahakama za Shirikisho, likijibu ombi la chama cha majaji hao, liliamua kwamba walioipata nyongeza kabla ya 2006 warudishiwe, pamoja na malimbikizo. Aprili 2023 mahakama ya ukaguzi wa hesabu ilisimamisha malipo. Desemba 2023 jaji Dias Toffoli wa mahakama ya juu kabisa aliiondoa amri hiyo ya kusimamisha, akisema chombo cha ukaguzi hakina mamlaka ya kukosoa uamuzi wa baraza la mahakama katika jambo hilo. Swali lililokuwa limefungwa mwaka 2006 likafunguliwa tena bila sheria mpya hata moja kupitishwa.

Njia ya pili ilikuwa ya wazi, nayo ilipitia bungeni. Pendekezo la kwanza la kubadilisha katiba lilikuja mwaka 2013 na kukwama. La pili, namba 10 la mwaka 2023, liliwasilishwa na Rodrigo Pacheco akiwa rais wa Seneti. Linataka asilimia 5 kwa kila miaka mitano hadi asilimia 35, kwa majaji na waendesha mashtaka, nje ya dari. Tarehe 17 Aprili 2024 kamati ya katiba ya Seneti ililipitisha kwa kura 18 dhidi ya 7. Kabla ya kura hiyo orodha ya wanufaika ilikuwa imeongezeka, kwani mawakili wa serikali, mawakili wa utetezi wa umma na makamishna wa polisi nao waliingizwa. Miaka ya uwakili binafsi kabla ya kuajiriwa nayo ikaingizwa kwenye hesabu. Kiongozi wa serikali katika Seneti, Jaques Wagner, alisema gharama inaweza kufika reais bilioni 42 kwa mwaka.

Hoja ya Pacheco ilikuwa na uzito wake. Alisema majaji wazuri wanakimbilia ofisi za mawakili, na kwamba nyongeza iende pamoja na muswada wa kuzibana posho nyingine zinazopita juu ya dari, ili mkongwe apate chake kwa njia halali na mianya izibwe. Mapatano hayo yangekuwa ya maana kama vitu viwili vingekwenda mkono kwa mkono. Kilichotokea ni kwamba nyongeza ilipita kamati huku muswada wa kubana posho ukibaki umelala.

Kuna udhaifu mkubwa zaidi, ambao uko kwenye lugha ya pendekezo lenyewe. Nyongeza imeitwa malipo ya fidia ili isiguswe na dari. Fidia hulipwa kwa aliyepata hasara au aliyetumia fedha yake kwa kazi ya umma. Kutimiza miaka 20 kwenye kiti si hasara ya aina yoyote. Ni malipo ya kazi, na malipo ya kazi mahali pake ni chini ya dari. Kuyaita fidia ni kuikwepa katiba kwa kutumia katiba.

Kuhesabu miaka ya uwakili binafsi nako kunarudisha lile swali la Ufilipino. Wafilipino waliamua kwamba miaka iliyotumika nje ya mahakama haihesabiwi, hata kama mshahara ulikuwa wa jaji. Pendekezo la Brazili linahesabu hata miaka ambayo mtu alikuwa akiwatetea wateja wake kwa malipo binafsi. Likifika huko, hoja ya kuwazuia wakongwe wasikimbie haipo tena. Anayelipwa kwa miaka aliyokuwa nje hazuiwi na chochote.

Je, miaka yenyewe inastahili kulipwa? Mahakama za Brazili zina majaji wapatao 18,000, na mwishoni mwa 2023 zilikuwa na mashauri karibu milioni 84 yanayosubiri. Jaji mwenye miaka 20 kwa kawaida anaijua kesi ya ardhi iliyojificha ndani ya kesi ya mirathi, anajua shahidi anayekariri, na anajua hati ya mashtaka iliyonakiliwa kutoka faili jingine. Ujuzi huo una thamani, na nchi ikimpoteza mtu huyo inaanza upya na mwingine. Lakini miaka hiyo hiyo inaweza kumlea jaji aliyechoka, anayeahirisha kwa mazoea na kuandika hukumu za kunakili. Kalenda haiwatenganishi hao wawili. Ufilipino ilijaribu kuwatenganisha kwa maneno mawili ndani ya sheria, ufanisi na sifa, bila kuweka njia ya kuyapima. Italia iliweka njia ya kupima, na karibu kila anayepimwa anapita.

Kipimo kikali nacho kina hatari yake, na hapa wanaotetea nyongeza ya kalenda wana hoja yao nzito kuliko zote. Jaji ambaye nyongeza yake inategemea alama za mkuu wake ataandika hukumu akimtazama mkuu huyo. Kalenda haina upendeleo wala haipigiwi simu. Kwa sababu hiyo asilimia ndogo inayojulikana mapema, inayolipwa kwa miaka iliyotumika mahakamani peke yake, na inayokaa chini ya dari, si jambo la kulaumiwa. Sheria ya Ufilipino, pamoja na mapungufu yake, ina mengi ya hayo. Pendekezo la Brazili halikuwa hata na mawili.

Ili kulipitisha lilihitaji sehemu tatu kwa tano ya kura katika kila bunge kati ya mabunge mawili, mara mbili kila moja. Mwaka 2024 uliisha bila Seneti kulipigia kura katika kikao chake cha wote.